Maji ya Kutoka Msibani

Jumamosi ya kwanza ya Juni mwaka huu nilikuwa jikoni kwangu, Njombe mjini, nikimenya viazi, dirisha nimelifunga kwa sababu ya ukungu ambao asubuhi ile haukutaka kuondoka. Lori la mbao lilipita barabarani likipanda mlima kwa shida, na harufu ya mbao mbichi, utomvu wa miti ya misindano uliochanganyika na moshi wa dizeli, ikapenya chini ya mlango. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Makambako, na ndiyo harufu ya nguo za baba yangu. Bado nilikuwa nimeshika kisu simu ilipoita. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Mwalimu Tumaini, na ilinibidi nimwombe arudie jina, kwa maana hatukuwa tumezungumza tangu tulipokuwa wasichana wadogo wenye majirani wale wale na bomba moja la maji. Alisema shule yetu ya msingi inaandaa kitabu cha kumbukumbu, yeye ndiye katibu wa kamati, na wangependa mimi, "Mhindi wetu," niandike kurasa chache kuhusu utoto wangu pale mtaani. "Andika yale mazuri, dada," akasema. "Mchezo wa rede, baridi, upepo. Mambo kama hayo." Nilimwambia nitaandika. Nilivifunika viazi, nikaketi mezani, na kilichotoka ni hiki kifuatacho.

Tulifika Makambako mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi nikiwa na umri wa miaka tisa. Tulitoka katika mji mdogo wa Gujarati, magharibi mwa India, mji ambao joto lake hulainisha lami, tukashushwa kwenye njia panda ya upepo. Asiyeujua upepo wa Makambako hawezi kunielewa. Hubeba vumbi jekundu, ukaliingiza katika unga, katika nywele, katikati ya meno, na mtu anayezungumza akiwa ameuelekea huishia kutafuna maneno yake mwenyewe. Baba aliajiriwa na kiwanda cha kupasua mbao ili kunoa na kunyoosha misumeno mikubwa, kazi aliyorithi kwa baba yake. Magogo yalikuja kutoka Matembwe na sehemu nyingine za Lupembe, na jioni Baba alirudi ana unga wa mbao hata kwenye nyusi. Nyumbani tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na mama yake Baba, ambaye kwa lugha yetu tulimwita Ba. Walikuwepo Wahindi wengine mjini, wachache, wenye maduka karibu na kituo cha mabasi. Hao walizaliwa hapa hapa nchini. Walitualika chai mara moja, wakagundua kwamba Baba ni fundi wa mshahara na kwamba hatukujuana na ukoo wowote waliokuwa wakiujua, na hawakutualika tena.

Ba ndiye ambaye hakutaka kuja. Siku tuliyofika alisimama mlangoni, sari yake ikipigwa na upepo kama bendera, akautazama mtaa mzima, kisha akamuuliza Baba swali moja: "Hapa nani atanibeba?" Kwetu maiti hubebwa mabegani mwa watu wanne, na mtu anayekufa bila watu wanne hesabu yake ya maisha imekaa vibaya. Baba akacheka. "Ba, wewe utaishi mpaka utuchoshe," akamwambia. Mama hakucheka. Naamini tangu siku ile alilichukua swali lile kuwa kazi yake. Baba angeleta mshahara, mimi ningesoma, na yeye angetafuta watu.

Mtu wa kwanza aliyempata alikuwa Mama Tumaini. Nyumba yake ilitazamana na yetu, katikati likiwa bomba la maji tulilochangia. Alikuwa mwanamke mrefu, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya ya kina mama, mwenye sauti iliyoweza kumwita mtoto aliye mtaa wa tatu. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama kusema "Kamwene," salamu ya Wabena, na kungoja kujibiwa kabla ya kutaja shida yake, kwa kuwa watu wa huku humwona mtu anayeanza na shida kuwa hana malezi. Alimfundisha kuchagua viazi, kuvua nyuzi za majani ya maboga, kuwasha kuni mbichi za miwati bila kupuliza mpaka kizunguzungu. Mama naye alimpelekea chapati. Siku alipojaribu kumweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza vitu tusivyokula, Mama Tumaini aliweka ndoo chini akashika kiuno. "Nyama hamli, mayai hamli, ulanzi hamnywi! Sasa Mama Hansa, ninyi Mungu aliwaleta duniani kufanya nini?" Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope la bomba. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tuondoke kwetu, na Ba alichungulia dirishani kuona kuna nini. Mimi na Tumaini tulikuwa tumeshakuwa kitu kimoja. Tulicheza rede mpaka giza likala mpira, tukala viazi vya kuchoma pamoja na maganda yake, na matusi yote ya Kibena ninayoyajua leo alinifundisha yeye, akiniapisha nisiyatamke mbele ya mama yake.

Wanawake wa mtaa walikuwa na kikundi cha kufa na kuzikana. Anayetoka nje ya Tanzania huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Mtu anaweza kuwa na nyumba nzuri na kazi nzuri, lakini kama hayumo katika watu wa kufa na kuzikana, anaishi mtaani kama mzigo ulioachwa stendi. Mama alitaka kuingia. Alienda sokoni na Baba wakanunua sufuria kubwa kuliko yote waliyoiona, ya kupikia ugali wa watu wengi, akaipeleka kwenye kikao akiwa ameibeba kichwani kama alivyoona wenzake wakibeba, huku ameishika kwa mikono miwili kwa hofu. Baadhi ya wanawake walinung'unika. Mama Tumaini alisimama akamsemea: "Huyu ni wetu. Tukifiwa atakuja, akifiwa tutakwenda. Kuna mwenye neno?" Hakuna aliyekuwa na neno. Jioni ile Mama alimwambia Ba kwa Kigujarati, akijaribu kuficha furaha yake, "Nimewapata." Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, wasema Waswahili, na kwa miezi michache nyumba yetu iliishi ndani ya methali hiyo.

Kisha Baba Tumaini akafa. Alikuwa fundi wa reli, mtu mpole aliyeugua kwa muda mfupi wakati wa mvua na hakuamka tena. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kufika. Alinichukua na mimi, kwa kuwa Tumaini alikuwa rafiki yangu. Aliketi kwenye mkeka akiwa amejitanda kitenge, akachambua mchele, akasikiliza nyimbo asizozijua, na kwa muda mrefu alimshika Mama Tumaini mkono, jambo ambalo kila mtu aliliona na kulisifu. Chakula kikaja: ugali, maharage, nyama. Mama aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akakataa. Wakamwambia aonje hata maharage. Akakataa kwa tabasamu. Bibi mmoja akamwekea sahani mapajani, naye akaiondoa taratibu akampa mwenzake. Kwetu mtu hali katika nyumba ambamo maiti ametoka punde. Kula pale ni kuwaongezea wafiwa mzigo na kumkosea marehemu. Mama alikuwa akifunga kwa ajili ya Baba Tumaini, naye alidhani tumbo lake tupu linasomeka kama anavyolisoma yeye. Wale wanawake waliona mtu anayeogopa chakula chao.

Hilo lingesamehewa. Tuliporudi kutoka makaburini, watu wakiwa bado wamejaa uani kwa Mama Tumaini, Mama alifanya lile ambalo kila mwanamke wa mtaa wetu wa Gujarati angelifanya. Alivua viatu mbali na mlango. Alifungua bomba, lile lile lililokuwa katikati ya nyumba mbili, akajimwagia maji kuanzia kichwani akiwa na nguo zake zote, kitenge cha msiba nacho kikilowa na kumgandama. Kisha akanishika bega akanimwagia mimi, ndoo baada ya ndoo, hata masikioni. Baba naye alipofika alifanya vivyo hivyo. Ba alitupitishia nguo kavu mlangoni kwa ncha ya vidole, bila kutugusa, na vile viatu vikaoshwa hata nyayo. Haturuhusiwi kuingia ndani na msiba mwilini. Hata anayemzika mzazi wake huoga namna hiyo, na kutooga ni kumdharau aliyekufa, kana kwamba kifo chake kilikuwa jambo la kupita njiani. Mwacha mila ni mtumwa, na Mama hakuwa mtumwa wa mtu. Hakuona sababu ya kujificha. Aliinua uso uliokuwa ukichuruzika maji, akaona nyimbo upande wa pili zimenyamaza. Ua mzima ulikuwa umesimama ukitutazama tukiuosha mkono uliokuwa umemshika mjane.

"Wametuoga kama uchafu," alisema mwanamke mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Neno hilo lilizunguka mtaa kabla nguo zetu hazijakauka.

Baada ya matanga walitujia. Walikuwa wanawake wengi, Mama Tumaini katikati akiwa na kitambaa cheusi kichwani, na walikuwa wamebeba ile sufuria. Hawakubisha hodi. Waliiweka chini ya bomba, wakachukua majivu na mabua ya mahindi, wakaanza kuisugua. Waliisugua nje na ndani, wakaisuuza, wakaisugua tena upya, wakaimwagia maji mpaka ikawa inang'aa kuliko siku iliponunuliwa. Mama alisimama mlangoni akidhani, maskini, kwamba wamekuja kumrudishia chombo kwa heshima. Alisema "Kamwene." Hakujibiwa. Mama Tumaini aliibeba mwenyewe akaiweka mbele ya miguu ya Mama. "Haya," akasema. "Tumeiosha. Haina tena mikono yetu." Wakaondoka. Ndipo Mama alipoelewa, na hajaipikia sufuria ile mpaka leo. Ba ndiye aliyeigeuza kuwa ya kuhifadhia mkaa.

Shuleni mchezo mpya ulizaliwa. Mtoto alinikimbilia, akanigusa, akapaza sauti: "Nimekugusa, Mhindi! Kaoge!" Mwingine akaja upande wa pili: "Na mimi! Kaoge tena!" Wakati wa mapumziko nilikuwa bomba lao la kuchezea. Mvulana mmoja, mchekeshaji wa darasa, alinimwagia kopo la maji ya kufutia ubao akasema, "Mwalimu, ponjoro ametakasika," na mwalimu alimkaripia huku akijizuia kucheka, nami nikaona mabega yake yakitikisika. Tumaini siku za mwanzo alinipa mgongo tu. Alikuwa amefiwa na baba yake na sikumtarajia acheze na mtu. Nilingoja. Asubuhi moja, mstarini, alitoka mahali pake akanijia, akaweka kiganja chake shavuni mwangu, polepole, karibu kwa upole, akasema, "Kaoge." Wengine wote walicheka. Yeye hakucheka. Nimeguswa na watu wengi tangu siku hiyo, wengine kwa mapenzi na wengine kwa ghadhabu, na bado kiganja kile nakijua.

Baba alijaribu kupatanisha. Alimtafuta mzee wa kanisa, mtu aliyemheshimu kwa kuwa alikuwa akichonga viti imara, wakaenda pamoja kwa Mama Tumaini. Nilikwenda nao ili nimsaidie Baba maneno yaliyomshinda. "Mama," alisema Baba, kofia mkononi, "sisi hata mama yangu akifa, naoga. Hata mtoto wangu. Si uchafu wenu. Ni desturi tu." Mzee wa kanisa aliongeza kwa Kibena maneno marefu ya kulainisha. Mama Tumaini alikuwa akipukuchua mahindi na hakuacha. "Baba Hansa," alisema mwishowe, "mimi nimemfukia mume wangu, wewe unaniletea habari za desturi. Sawa. Siku mtakapofiwa ninyi, tutakuja kuangalia." Mzee wa kanisa alikohoa. Baba alishukuru, kwa sababu hakuelewa. Mimi nilielewa, lakini sikumtafsiria.

Ba alifariki Julai, alfajiri ya baridi kali, majani yakiwa yamefunikwa na barafu nyembamba kama chumvi. Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua ziishe. Mama alimfumba macho, akamwosha, kisha akamwaga maji kwenye jiko likazima. Hiyo pia ni mila yetu: moto hauwashwi katika nyumba yenye maiti mpaka maiti aondoke, na majirani ndio huleta chakula. Hapa kwetu Njombe msiba hutambulika kwa moshi, kwa mafiga makubwa na kina mama wanaopika tangu asubuhi hadi usiku. Nyumba yetu ilikaa baridi, bila moshi, na aliyepita barabarani asingejua kwamba mna mtu aliyelala. Walijua, hata hivyo. Wale Wahindi wa madukani walituma jora la kitambaa cheupe na uvumba kwa mkono wa mfanyakazi wao. Chakula hakikuja kutoka popote.

Walikuja vijana. Ni lazima niliseme hili, kwa kuwa ni kweli: pamoja na yote, vijana wa mtaa walifika na majembe, sururu na makoleo, kwa maana kuchimba kaburi hapa hakunyimwi mtu, hata adui. Aliyewaongoza alikuwa Kaduma, dereva wa trekta pale kiwandani kwa Baba. "Pole, Baba Hansa," alisema. "Tuonyeshe upande. Udongo wa saa hizi ni mgumu, tuanze mapema." Baba aliwaangalia, macho yakamjaa machozi, nadhani kwa shukrani. Laiti angeniita nimsemee. "Asanteni sana," akasema. "Lakini sisi hatuziki. Tunachoma." Kijana mmoja aliuliza, "Mnachoma nini?" Na Baba, kwa Kiswahili chake kisicho na pazia, akajibu, "Mama."

Sikuwahi kusikia upepo wa Makambako ukinyamaza ila siku ile. Majembe yalishushwa mabegani, moja moja. Kutoka barabarani, ambako wanawake walikuwa wamesimama kutazama kama walivyoahidi, sauti ya Mama Tumaini ilipasua hewa: "Chakula chetu hamkukitaka! Mikono yetu mkaiosha! Leo hata udongo wetu hamuutaki!" Hakuna aliyemnyamazisha. Mwenyekiti wa mtaa alikuja akasema kwa adabu ya kiofisi kwamba jambo hilo halifanyiki katikati ya makazi, twende tukalifanyie ng'ambo ya kijito, upande wa Mahongole, mbali na mashamba ya watu. Kiwanda kilitupatia mabanzi, yale maganda ya magogo yaliyopasuliwa, ya kutosha. Kaduma alikubali kuyapeleka kwa trekta, na kumpeleka Ba pia, lakini trekta halikuweza kupita katika uchochoro wetu, likasimama barabarani. "Trekta nitaendesha," alimwambia Baba, "hiyo ni kazi. Maiti sigusi."

Kwa hiyo Ba alitakiwa kubebwa kutoka mlangoni hadi barabarani. Baba alikuwa amefunga machela ya mianzi, akamlaza juu yake katika kitambaa cheupe. Kwetu wanawake hawabebi maiti wala hawafiki pachomewapo. Mama alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake. Alisimama mlangoni akingoja. Alitazama uchochoro kushoto na kulia, wanaume wamejipanga pande zote mbili, baadhi wamevua kofia kwa mazoea, na hakuna aliyesogea. Alingoja muda ambao mtu hupewa kubadili nia. Kisha alikaza sari yake kiunoni, akaniambia, "Hansa, shika nyuma." Baba alichukua ncha zote mbili za mbele. Nyuma tulikuwa Mama na mimi. Kwa kuwa nilikuwa mfupi, machela ilielemea upande wangu, na Mama alitembea njia nzima amekunja magoti ili Ba asiteleze. Ubavuni mwetu mtoto alipaza sauti, "Tazama, wanawake wanabeba!" Mwingine akasema, "Bibi Mhindi anakwenda kuchomwa kama viazi!" na nikasikia kofi. Nilipita mbele ya Mama Tumaini karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Tumaini alikuwa ameshika kitenge chake. Mwanzi ulikuwa unanikata bega, nami nilikuwa nikimwambia Ba moyoni, kwa lugha yetu, jibu la swali lake: sisi ndio.

Yaliyotendeka ng'ambo ya kijito ni ya familia yetu. Nitasema tu kwamba Baba alifanya yampasayo mwana, kwamba mbao za msindano huwaka haraka, na kwamba Kaduma alikaa juu ya trekta muda wote akitupa mgongo. Tuliporudi jua lilikuwa limeinama na upepo umerejea na wembe wake wa Julai. Tulisimama kwenye bomba tukiwa na nguo zetu. Baba alijimwagia maji, kisha Mama, kisha mimi, meno yakigongana, kama vile tulivyofanya siku ya msiba wa Baba Tumaini, ndoo kwa ndoo. Mlango wa pili ukafunguliwa. Mama Tumaini alitoka, akasimama mikono imefumbatwa chini ya kitenge, akaangalia kama alivyosema ataangalia. Aliona mwanamume akiuosha msiba wa mama yake mzazi. Mimi nilimkazia macho, maji yakinitoka puani, nikiwa na hakika ya kitoto kwamba sasa yamekwisha. Alikuwa ameona. Ushahidi wenyewe ulikuwa ukitiririka mbele yake mpaka kwenye kizingiti chake. Alitazama hadi mwisho. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na siku iliyofuata alichota maji bila kutusalimu, na siku zilizofuata pia, mpaka mkataba wa Baba ulipokwisha tukahamia Njombe.

Tunafundishwa kwamba uadui huzaliwa na kutojuana, na kwamba watu wakieleweshana hupatana. Nilikuwa mtoto nilipoona kwamba si hivyo daima. Mtu anaweza kukuelewa vizuri, hadi tone la mwisho, na bado asikutake. Naamini Mama alilipata somo lile siku moja na mimi. Amekaa Njombe zaidi ya nusu ya maisha yake. Kiswahili chake leo ni kizuri kuliko cha wengi wanaomcheka, na majirani wanampenda. Yeye huwasalimu kutoka mlangoni. Hajawahi kumwita mtu yeyote rafiki tena. Nami nimesoma, nimekuwa mfamasia, nimezeeka kiasi cha kuitwa mama na vijana nisiowajua. Nimo katika kundi la misiba la mtaa wetu, siku hizi kwenye simu, na sijakosa msiba hata mmoja. Nakaa na kina mama, nachambua mchele, na sahani ikija nala, Mungu na Ba wanisamehe. Nikirudi naoga, lakini naoga bafuni, mlango nimeufunga kwa komeo na redio nimeifungulia sauti. Watu husema nchi imebadilika, watu wamefunguka. Huenda. Mimi ninachojua ni kwamba mama yangu alioga mchana kweupe katikati ya watu aliowaamini, na binti yake, raia kwa kila karatasi, anaoga kwa kujificha.

Nilimtumia Tumaini kurasa hizi. Baada ya siku nyingi aliniandikia ujumbe mrefu kwenye simu. Kamati imeguswa, alisema, ila wanaomba nipunguze makali: nibakize rede, upepo na chapati, niondoe habari za msiba. Mama yake bado yu hai, ni mzee, na wajukuu watamsomea kitabu. "Yaliyopita si ndwele, dada yangu. Tusimwaibishe bibi wa watu." Nilikaa na maneno hayo mpaka mwisho wa Julai. Kisha nikamwandikia kwa karatasi, nikaipeleka stendi mwenyewe, nikampa kondakta wa basi la Makambako.

Mwalimu Tumaini,

Salamu kutoka Njombe. Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi, nami nashukuru kwamba hukusema nimeongopa.

Unaniambia mama yako ni mzee. Mama yangu pia ni mzee. Unaogopa wako asije akaaibika mbele ya wajukuu. Wangu aliaibika mbele ya mtaa, na aliyekuwa akitazama ni mimi na wewe. Sina kisasi cha kulipa kwa mama yako. Alikuwa mjane mwenye uchungu, na mara nyingine nafikiri alimpenda mama yangu kuliko wote waliokuwa pale, ndiyo maana alichukia kuliko wote. Lakini sitaandika kwamba tulicheza rede, nikaishia hapo.

Kutoka kwenu hadi hapa ni mwendo wa saa moja hivi kwa basi. Mlete. Mama yangu anashinda barazani, hatoki, watakutana tu. Akija akaketi naye, akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba habari ile ifutwe, nitaifuta mbele yao wote wawili, yote, na sitauliza sababu.

Asipokuja, chapeni kama ilivyo.

Hansa